USALAMA NA AFYA: Vile Vichwa vya Maji vya Plafoni



Kazi yangu ni kufunga vidonda, si kufunga matiyo. Lakini mtu akiisha kuungua sana, dawa yangu haimrudishii ngozi yake ya kwanza. Kwa hiyo leo tuongee juu ya moto mbele haujamleta mtu kwa dispansari.

Siku moja niliingia katika magazini kuangalia sanduku la dawa. Nikainua macho: kartoni za bote zimepangwa mpaka zinagusa vichwa vya maji, vile vinavyoitwa sprinkla. Kwenye kichwa kimoja mtu ametundika salopeti yake! Mlinzi wa magazini akaniambia: «Munganga, moto ukitokea maji yatashuka tu.»

Yatashuka, lakini wapi? Angalia kichwa hicho vizuri. Kinafungwa na kichupa kidogo cha kioo chenye maji ya rangi. Kichupa chekundu kinapasuka kikipata joto la digri 68, na kile tu kilichopata joto ndicho kinachofunguka. Vingine vinabaki vimefungwa, si kama tunavyoona katika sinema. Maji yakitoka yanapiga kisahani cha chuma na kutawanyika kama mwavuli. Mwavuli huo unahitaji nafasi. Kartoni zikiukaribia, maji yanalowesha kartoni ya juu, na moto unaendelea kula chini.

Ndiyo sababu mahali pa kichwa panapimwa. Hewa ya moto inapanda na kutandaa chini ya plafoni. Ndani ya hewa hiyo kuna moshi unaofunga pumzi. Kichwa kikiwekwa chini sana, joto linapita juu yake na kinachelewa kufunguka; kwa plafoni ya kawaida, kisahani hakishuki zaidi ya santimetre 30. Kikiwa nyuma ya boriti, maji yanapiga boriti. Vichwa viwili vikikaribiana chini ya metre 2 hivi, cha kwanza kinamwagia jirani yake, naye anabaki baridi, hafunguki. Vikiachana zaidi ya metre 4, katikati panabaki pakavu. Katika magazini yenye mali nyingi ya kuwaka, mafundi wanahesabu kichwa kimoja kwa metre mraba 9 tu. Toka ukuta mpaka kichwa cha kwanza ni nusu ya umbali wa vichwa viwili, si zaidi.

Wewe usikigeuze wala kukisogeza, hiyo ni kazi ya fundi. Usikipake rangi hata kama plafoni inapakwa. Na mkijenga ukuta mpya ili kupata biro, mwite fundi kwanza: mara nyingi chumba kipya kinabaki bila kichwa hata kimoja. Jambo hilo wakubwa wenyewe wanalisahau.

Katika ile magazini, shefu alichora mstari mwekundu ukutani, nusu metre chini ya vichwa. Bote sasa zinaishia hapo, na salopeti imepata msumari wake karibu na mlango.