Yoga Haileti Mimba, na Bado Inafaa

Mwanamke anayetafuta mtoto husikia ushauri uleule kila anapogeuka: tuliza akili, mimba itaingia yenyewe. Mama mkwe anausema, wifi anausema, na siku hizi hata baadhi ya walimu wa yoga wanautumia kunadi madarasa yao. Unaumiza, kwa sababu matibabu yakishindikana lawama inamrudia mwenyewe: hakutulia vya kutosha. Mwaka 2011 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchambuzi wa tafiti 14 zilizohusu wanawake 3,583 waliotibiwa ugumba. Walioanza matibabu wakiwa na wasiwasi au huzuni hawakuonekana kuwa na nafasi ndogo ya kushika mimba kuliko wenzao.

Kwa hiyo anayekuja kwenye darasa langu la yoga namwambia mapema kwamba tunafanya yoga kwa ajili yake yeye, alale usiku na aweze kuamkia sindano ya kesho.

Sindano hizo si jambo dogo. Katika IVF, yaani matibabu ya kutungisha mimba nje ya mwili, homoni huchomwa kila siku kwa takribani siku 8 hadi 14 ili mayai mengi yakomae kwa pamoja. Ovari, ambayo kwa kawaida ina urefu wa sentimita 3 hivi, huvimba na kuwa nzito, na ikiwa nzito inaweza kujisokota hadi damu isiifikie. Ndiyo maana kipindi hiki, na siku za mwanzo baada ya mayai kuvunwa, hatupindi kiuno, haturuki, hatulali kifudifudi wala kusimama kwa kichwa. Madarasa ya chumba cha joto kali nayo ayaache. Maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa tumbo, hasa yakija na kutapika, ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo.

Kinachobaki ni kidogo, na kinatosha. Daktari wake akiridhia, anakaa ubavu ukigusa ukuta, anageuka taratibu na kulala chali huku miguu ikiegemea ukutani, khanga iliyokunjwa ikiwa chini ya kichwa. Mikono inakaa kando. Tumbo lenye alama za sindano hatuligusi. Anavuta pumzi kwa hesabu ya 4, anaitoa kwa hesabu ya 6. Pumzi inayotoka polepole huiamsha neva ya vagasi, nayo hupunguza mapigo ya moyo. Wengi hulia hapo. Simnyamazishi mtu.

Kipindi kigumu zaidi ni baada ya kiinitete kupandikizwa, siku kama 10 hadi 14 za kungoja kipimo cha damu. Hakuna tena sindano za kukomaza mayai wala cha kupima, na kila akienda chooni anaangalia kama ameona damu. Wengine hujifungia kitandani wakiogopa kitadondoka. Hakidondoki kwa kutembea wala kwa kukohoa. Atembee, afanye zoezi lake la pumzi, na mumewe alale kwenye mkeka wa pili afanye naye, maana anangoja pia.

Lakini akikosa usingizi wiki nzima, akishindwa kula, au akianza kusema afadhali asingekuwepo, asingoje darasa lijalo. Apelekwe siku hiyohiyo kwa daktari au mshauri nasaha, na asiende peke yake.