Unafanya kazi kwa intaneti na unataka kuhama? Pima mji mbele ya kutoa garanti

Kuna vijana wanaotafsiri maandishi kwa wateja wa Bruxelles, wengine wanachora matangazo kwa maduka ya Lubumbashi, wengine wanaandika hesabu za kampuni za Kampala. Hawana ofisi, wako na kompyuta na simu tu. Kazi yao inaweza kufanyika popote, mradi kuwe umeme, mtandao na njia ya kushika mshahara.

Huku kwetu mashariki, hayo matatu yanaweza kupotea kwa siku moja. Mwezi wa kwanza 2025 Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23, na mwezi wa pili ikawa zamu ya Bukavu. Banki zikafunga milango, viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu vikasimama. Mtu mwenye mteja Ulaya alikuwa na kazi, lakini pesa ya kazi ile haikuwa rahisi kuishika. Tangu hapo, swali linaulizwa katika nyumba nyingi: tuhamie wapi?

Mara nyingi jibu linatoka kwa simu ya ndugu: "Kuja huku, nyumba ni bei ya chini." Lakini kwa mtu wa kazi ya intaneti, kodi ya chini inaweza kuwa hasara kubwa, kama atalipa nyumba na kukosa kazi.

Umeme: uliza avenue, usiulize mji

Kila mji uko na chanzo chake cha umeme. Bukavu inategemea mitambo ya mto Ruzizi. Goma inapata sehemu kubwa kutoka Virunga Energies, yenye mtambo wake Matebe, kule Rutshuru. Kisangani iko na mtambo wa Tshopo, Kalemie inapata umeme wa Bendera. Lubumbashi ni mji mkubwa, lakini kule migodi na nyumba za watu zinagombania umeme uleule.

Kujua chanzo hakutoshi. Katika mji mmoja, kata moja inaweza kuwa na umeme usiku kucha, na kata ya pembeni ikapita juma nzima katika giza. Basi usiulize "Umeme uko?" Uliza majirani wa ile avenue: delestaje inakuja saa ngapi? Transfoma ikiungua, inapita siku ngapi mbele ya kutengenezwa? Kama majibu ni mabaya, ongeza bei ya bateri na paneli ya jua juu ya kodi, kisha linganisha tena.

Mtandao: pima saa ile unayofanya kazi

Vodacom, Airtel na Orange hazina nguvu sawa kila pahali. Nunua mega kidogo kwa mitandao miwili, ingia ndani ya chumba utakachofanyia kazi, funga mlango na ujaribu. Fanya hivyo asubuhi, kisha rudi mangaribi, wakati watu wengi wako kwenye simu. Saa moja ya mazungumzo ya video inaweza kula karibu giga 1, kufuatana na ubora wa picha. Piga hesabu ya mwezi mzima.

Starlink nayo ilipata kibali nchini mwezi wa tano 2025. Inaweza kusaidia pahali minara ni mibaya, lakini chombo kinanunuliwa, kinalipiwa kila mwezi, na bila umeme hakitumiki.

Pesa: itatokea wapi?

Hapa ndipo wengi wanateleza. Mteja anaweza kulipa siku ileile, lakini wewe unaitoa wapi? Wakati banki zilipofunga Goma, wakaaji wengine walivuka mpaka kwenda kutoa pesa Gisenyi. Watoaji wa M-Pesa na Airtel Money nao walikosa noti, na makato yakapanda. Mbele ya kuhama, jua banki gani inafanya kazi kule, na utoe kiasi kidogo cha kujaribu. Kama ni nchi ingine, uliza pia karatasi gani zinahitajika kwa kufungua konti na kuandikisha namba ya simu.

Saa ya mteja

Tunahesabu kwa saa za kizungu. Goma, Bukavu, Bunia, Kisangani, Lubumbashi, Kigali na Bujumbura ziko kwenye saa moja. Kampala iko mbele saa moja, Kinshasa nyuma saa moja. Na Bruxelles tuko sawa kuanzia mwisho wa mwezi wa tatu mpaka mwisho wa mwezi wa kumi. Miezi mingine sisi tuko mbele saa moja. Lakini mwenye mteja wa Montréal anaanza kazi saa 15 ao saa 16 ya huku na kumaliza karibu na katikati ya usiku. Huyo anahitaji kata yenye umeme wa usiku na nyumba yenye usalama, kuliko nyumba ya karibu na soko.

Garanti: sheria inasema nini

Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2015 inaweka mpaka: garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi 3. Bado wenye nyumba wengine wanaomba zaidi. Tuseme kodi ni dola 100 kwa mwezi: garanti ni 300, mwezi wa kwanza 100, na komisioneri anangojea yake. Zaidi ya dola 400 zimetoka mbele hata ya kulipa gari. Mji ukikushinda kisha mwezi mmoja, kurudishiwa garanti ni safari ingine. Andikisha mkataba, na ujitambulishe kwa chef wa avenue na wa kata.

Hauhami peke yako

Kwetu masomo yanaanza mwezi wa tisa. Kuhama katikati ya mwaka kunavunja masomo ya watoto. Kampala wataingia katika Kiingereza, Kisangani watakutana na Lingala pembeni ya Kiswahili. Na juu ya usalama, usiamini habari ya juma lililopita. Ituri na Nord-Kivu ziliwekwa katika utawala wa dharura tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021, na hali ya barabara inabadilika. Uliza dereva anayepita ile njia, si mtu aliyesikia.

Juma mbili kwanza

Mbele ya kuuza vitanda, mtu mmoja wa nyumba aende juma mbili na kompyuta yake. Alale kwa ndugu ao apange chumba kidogo, afanye kazi kama kawaida, atoe pesa walau mara moja, na kila mangaribi aandike: umeme ulipotea saa ngapi, mega ngapi zimetumika, kazi gani imechelewa. Nauli ya kwenda na kurudi ni pesa, ndiyo. Lakini kwa kawaida ni ndogo kuliko garanti ya miezi mitatu, na mteja mmoja aliyekimbia juu ya kazi kuchelewa harudi kwa urahisi.