Kutunza Matandiko ya Punda

Kwetu Shinyanga farasi ni wachache mno. Anayetuvutia maji na mazao ni punda, na mikanda yake ya ngozi yataka utunzaji uleule wa tandiko la farasi.

Adui wa kwanza wa ngozi ni jasho. Likikauka huacha chumvi, nayo ikichanganyika na vumbi humchubua mnyama. Kwa hiyo wakati wa likizo mimi hupangusa mkanda wa kifua kila jioni kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo, hasa upande unaogusa mwili. Kisha huuanika kivulini, maana jua kali na moto huikausha ngozi ikapasuka.

Mkanda ukingali na unyevu kidogo, upake mafuta kiasi. Mafuta mazuri hupatikana kwa kuchemsha miguu ya ng'ombe. Hupenya katika nyuzi za ngozi, zikapindika pasipo kukatika. Yakizidi, ngozi hulegea na kunasa vumbi.

Mwisho, kagua mishono. Punda mwenye kidonda kifuani hapaswi kufungwa mkokoteni mpaka apone, na siku hizo zote maji huchukuliwa kichwani na mama zetu na dada zetu.