Shofere Anaporudisha Ufunguo

Mashariki mwa Kongo, kutoka Kasindi kwenye mpaka wa Uganda hadi Beni ni kilomita zipatazo 80, na kutoka Beni hadi Butembo 54. Barabara ingekuwa nzuri na tulivu, shofere wa lori la Fuso angevuka mpaka asubuhi na jioni akala fufu nyumbani kwake. Lakini kuna tope la majira ya mvua, kuna vizuizi, na kuna siku ambazo magari hayatembei mpaka wanajeshi wayasindikize. Safari ya siku moja inakula tatu. Mshahara wa shofere huanza kuharibikia hapo, hata kabla bosi hajakosea lolote.

Bosi naye ana lawama yake ya siku zote: shofere ukishamzoesha gari, anahamia kwa jirani. Sababu anayoiona ni dola chache alizoongezewa huko. Dola zina nguvu kweli, na mfano unaojulikana zaidi unatoka mbali. Mwaka 1997 kampuni ya J.B. Hunt ya Marekani iliwaongezea madereva wake malipo kwa zaidi ya theluthi moja. Kabla ya hapo, idadi ya walioacha kazi kwa mwaka ilikaribia kulingana na idadi ya madereva wote. Baada ya nyongeza ilishuka kwa karibu nusu, na ajali nazo zikapungua.

Ila J.B. Hunt ilikuwa na jambo ambalo bosi wa Butembo hana: barabara isiyofungwa.

Tuseme kuna mashofere wawili. Mmoja analipwa dola 100 kwa kila safari, mwingine dola 280 kwa mwezi, gari litembee lisitembee. Ni tarakimu za mfano tu, lakini zinatosha kuonyesha jambo. Mwezi wa safari nne, wa kwanza anapata 400 na anamcheka mwenzake. Mwezi wa safari mbili anabaki na 200, na mwenye nyumba hapunguzi kodi eti njia imefungwa. Malipo ya kwa safari yanaonekana manono, kumbe yamembebesha shofere hatari yote ya barabara. Bosi ana duka mjini, ana magari mengine, na akikwama wenzake humkopesha. Shofere ana leseni na mikono miwili. Aliye dhaifu ndiye aliyetwikwa mzigo mzito, kisha watu wanashangaa akiutua.

Na njia hizi hufungwa kweli. Septemba 1, 2021, msafara wa magari uliokuwa ukisindikizwa na jeshi ulishambuliwa Ofaye, kati ya Komanda na Luna, upande wa Ituri. Watu waliuawa, wengine wakatekwa, magari yakachomwa. Juni 2024 waasi wa M23 waliingia Kanyabayonga, na Januari 2025 wakaiteka Goma, hivyo njia ya kusini ya Butembo ikawa inakatiza mstari wa vita. Shofere aliyezoea Goma, tena anayelipwa kwa safari, hahitaji kugombana na bosi wake ndipo aondoke. Inatosha asikie kwamba fulani ana magari yanayokwenda Kasindi au Bunia.

Je, si angelipwa zaidi kwa hatari hiyo? Angelipwa, lakini kuna mahali ambapo pesa haifiki. Mwaka 2021 madereva wa Kenya na Uganda waligoma kuingia Sudan Kusini baada ya wenzao kuuawa njiani, na malori yakapanga foleni mpakani Elegu, upande wa Uganda. Walichodai kwanza kilikuwa ulinzi. Mtu ataongezewa posho avumilie tope na kulala garini; risasi ni habari nyingine.

Kuna pia malipo yasiyoandikwa popote: abiria juu ya mizigo, gunia la mtu lililochomekwa pembeni. Bosi anajua, na mshahara huweza kupangwa mdogo kwa kulihesabu hilo. Biashara ya Butembo imesimama juu ya jina na mkopo; wafanyabiashara Wanande wanaoleta bidhaa za Dubai na Guangzhou kupitia Mombasa wameaminiana bila kungoja benki. Imani hiyo hiyo ndiyo inayomkabidhi shofere gari lililojaa, naye akapotea machoni kwa siku kadhaa. Sasa bosi akipiga marufuku abiria (na ana haki, gari lililolemewa hupinduka) bila kugusa mshahara, amepunguza malipo pasipo kutamka. Shofere naye ataondoka pasipo kutamka.

Kinachogombanisha kuliko vyote, pengine, ni pesa ya njia. Shofere anakabidhiwa kiasi fulani cha kupitia vizuizi. Kikizuka kizuizi kipya, anatoa mfukoni mwake, na akirudi hana risiti ya kuonyesha. Bosi anaona mwizi, shofere anaona deni. Huenda funguo nyingi zaidi hurudishwa siku ya hesabu kuliko siku ya mshahara.

Dawa iliyo karibu ni kulipia siku za kungoja. Gari likilala Beni likisubiri msafara, shofere apate chochote kwa siku hiyo, hata kama ni kidogo. Mabosi wengi wataiona hasara, kwa kuwa hesabu ya upande wa pili haionekani. Shofere akiondoka, usukani huangukia konvuayeri, kijana ambaye jana alikuwa akifunga turubai na kuweka mawe nyuma ya matairi mlimani. Anakubali malipo madogo, na anajifunzia kwenye miteremko. Klachi ikiungua, tairi likipasuka, hakuna anayesema hiyo ni gharama ya kumpoteza shofere wa zamani. Inaandikwa kwenye daftari la vipuri.