Gari ya umeme iliyokosa kuzaliwa Birmingham, na somo lake kwa Suhar

Wengi wetu hapa Ghuba tuna jamaa Uingereza, na wapo waliopeleka watoto wao kusomea uhandisi Birmingham. Mashariki ya mji huo kuna mtaa unaoitwa Alum Rock. Mgeni huujua kwa barabara yake ya maduka ya vitambaa, dhahabu na nyama ya halali, maana wakaazi wake wengi ni Waislamu wenye asili ya Pakistan. Lakini upande ule wa mji uliishi kwa viwanda, na kimoja kati yao kina somo linalotuhusu.

Jirani na Alum Rock, pahala panapoitwa Washwood Heath, kilikuwepo kiwanda cha LDV kilichotengeneza vigari vya mizigo. Mwaka 2006 kilinunuliwa na GAZ, kampuni ya Urusi. Gari yake mpya, Maxus, ilitumia dizeli. Uchumi wa dunia ulipoyumba 2008, wanunuzi wakatoweka, na kufikia mwisho wa mwaka mashine zikasimama. Mwaka uliofuata wakuu wa kiwanda wakaja na mpango wa kugeukia gari za umeme, wakaiomba serikali mkopo wa kuwavusha. Fedha ya kutosha haikupatikana. Juni 2009 kampuni ikaangukia mikononi mwa wafilisi, na mamia ya mafundi wakapoteza kazi.

Mitambo ilipelekwa China. Mwaka 2011 gari ile ile ikaanza kutoka mji wa Wuxi, chini ya kampuni ya SAIC, na baadaye ikatolewa ya umeme. Leo Maxus za umeme zinauzwa Uingereza kwenyewe.

Kwa nini Wuxi ikaweza na Birmingham ikashindwa? Tukitazama vipi kiwanda kinavyoipokea teknolojia mpya, tunaona kwamba wazo peke yake halitoshi. Panatakiwa pia fundi anayeijua kazi, mtaji wa kuvumilia miaka ya khasara, na mnunuzi. Birmingham ilikuwa na wazo na mafundi. China iliongeza mtaji na mnunuzi: tangu 2009 serikali yake ilitoa ruzuku kwa gari za umeme zilizonunuliwa kwa kazi za umma.

Mnunuzi wa Birmingham alikuja, lakini alichelewa. Juni 2021 halmashauri ya mji ilianza kuzitoza gari zenye moshi mchafu zinazoingia katikati ya mji, paundi 8 kwa siku kwa kigari cha mizigo. Mwenye duka sasa ana sababu ya kutaka gari ya umeme, ila kiwanda cha jirani kilikuwa kimeshakufa miaka 12 kabla ya tozo hiyo kuanza.

Suala hili limeshabisha hodi kwetu. Suhar kuna viwanda vya chuma na alumini vinavyotegemea sana gesi. Tangu Januari 2026, Umoja wa Ulaya unamtaka anayeingiza bidhaa hizo, pamoja na saruji na mbolea, alipie hewa ya ukaa iliyotoka wakati wa kuzitengeneza. Oman nayo imeahidi kwamba ifikapo 2050 haitaongeza hewa hiyo angani. Kwa hivyo kiwanda endelevu si kile kilichopanda miti mbele ya lango. Ni kile kinachojua kila tani ya bidhaa inakula nishati kiasi gani na kutoa hewa chafu kiasi gani, kikapunguza mwaka hadi mwaka huku kikibaki na kazi za watu.

Mtoto wako akirudi na shahada ya uhandisi na akaitwa kazini, mwambie aulize mambo manne. Mita zinasomwa na nani? Mafundi wanasomeshwa mashine mpya kabla hazijafika, au baada? Nani atabeba gharama ya miaka ya mwanzo? Na mnunuzi wa bidhaa safi ameshapatikana? Majibu yake yatamwonyesha kama kazi hiyo itakuwepo miaka kumi ijayo.