Jini Asiye na Sharti

Moshi unafuka kutoka kwenye chupa kuukuu ya shaba. Unapotulia, pamesimama pande la mtu mwenye ndevu na kilemba, aliyefungiwa humo tangu enzi na enzi. Aliyemfungulia ni kijana wa Kimarekani, msanifu majengo, ambaye hakujua amenunua nini. Mtazamaji anajiweka sawa kitini, akingoja makubwa. Makubwa hayaji. The Brass Bottle, filamu ya kampuni ya Universal ya mwaka 1964, inaishiwa pumzi mapema, na bado sehemu kubwa ya hadithi iko mbele.

Niliitazama kwa hamu, maana viungo vyote vilikuwa jikoni. Mwongozaji Harry Keller alikuwa na Tony Randall, fundi wa vichekesho, kama Harold mwenye chupa. Jini Fakrash aliigizwa na Burl Ives, ambaye tayari alikuwa na tuzo ya Oscar aliyoipata kwa filamu ya The Big Country. Sylvia, mchumba wa Harold, ni Barbara Eden. Kisa chenyewe kilitokana na riwaya ya Mwingereza F. Anstey ya mwaka 1900, iliyokwisha kuigizwa hata zama za sinema zisizo na sauti. Pamoja na yote hayo, pilau haikunukia.

Fakrash anataka kulipa fadhila, na kila anachotenda kinamtia Harold matatani kwa sababu jini huyu haijui dunia ya leo. Vituko vinafuatana. Kikubwa kuliko vyote, profesa anayetarajiwa kuwa mkwe wa Harold anageuzwa nyumbu, yule mnyama azaliwaye na punda na farasi. Nyumbu anasimama, watu wanahangaika, nasi tunangoja arudishwe kuwa mtu. Basi.

Hapo ndipo nilipokata tamaa. Mtu kugeuzwa mnyama ni jambo zito, na waliosoma Alfu Lela Ulela wanalijua hilo. Mle mna mfanyabiashara anayeshika kisu amchinje ndama, na ndama anagaagaa miguuni pake huku machozi yakimtoka, kwani ndama yule ni mwanawe aliyerogwa. Msomaji hawezi kuisahau picha hiyo. Nyumbu wa filamu hii hana chozi wala hasira ya kumgusa mtazamaji, na mzaha unapita kama upepo.

Mle mle mna mvuvi aliyevua chupa yenye muhuri wa Nabii Suleiman. Jini wa humo alianza kwa kuapa kwamba atakayemtoa atamtajirisha. Karne zikapita bila mtu kufika, naye akabadili kiapo: atakayemtoa atamuua. Mvuvi anapona kwa akili yake, kwa kumshawishi jini arudi chupani. Kisa hicho kina kicheko, lakini kicheko chake kimekaa juu ya hofu.

Hata Anstey aliijua siri hiyo. Riwaya yake ni ya kuchekesha, lakini Fakrash wake akikasirika anakuwa tishio la kweli, na shujaa hana budi kutumia ujanja kama wa mvuvi ili amrudishe chupani. Hollywood ilimchukua jini huyo ikamng'oa meno. Ives amebaki mjomba mnene, mchangamfu, anayetoa zawadi.

Sisi wa Pwani tumelelewa tukionywa kutomwaga maji ya moto usiku bila kupiga bismillahi, tusije tukawaunguza watoto wa majini. Na kila asimuliaye habari za mtu aliyetajirishwa na jini hutaja pia sharti alilopewa. Jini wa kwetu ana nyumba, ana watoto, ana anachokitaka na ana bei yake. Fakrash wa filamu anatoa tu. Hadai chochote kinachomuuma Harold. Miujiza isiyo na bei haina uzito, na kisicho na uzito hakiwezi kumwangukia mtu tukacheka.

Mtu asiseme kwamba waigizaji ndio waliokosa uwezo. Mwaka huohuo wa 1964, Randall na Eden walionekana pamoja katika 7 Faces of Dr. Lao ya George Pal. Kweli, Randall kujipaka sura ya Mchina kunakera leo. Lakini humo mna mtabiri kipofu, Apollonius, anayemwambia mjane mwenye majivuno ukweli mtupu kuhusu maisha yake: hataolewa tena, na siku zake zitapita bila kuacha alama. Mtazamaji anatulia tuli. Maajabu yamegusa moyo wa mtu.

Naye Eden, ambaye katika The Brass Bottle hana uchawi wowote, mwaka 1965 aliingia chupani mwenyewe. Katika tamthilia ya televisheni ya I Dream of Jeannie, iliyobuniwa na Sidney Sheldon, aliigiza jini aliyempenda rubani wa anga za juu, akamwonea wivu na kumng'ang'ania. Ilidumu hadi 1970, vipindi 139. Ulikuwa mzaha mwepesi tu, lakini jini yule alikuwa na haja yake, na haja hiyo ilitosha kuiendesha hadithi miaka 5.

Ndugu msomaji, ukiwa na jioni moja ya mapumziko, mtazame Dr. Lao. Na wewe mwandishi wa filamu wa hapa kwetu unayetaka kumleta jini kwenye skrini, mpe sharti kwanza. Kicheko kitakuja chenyewe.