Udevu Unaporudi Ndani

Jioni, soko la Kwa Sadala linapoanza kupwaya na mikungu ya ndizi iliyobaki inapakiwa kwenye pikapu, saluni za kiume zilizo jirani na barabara kuu ya Moshi hadi Arusha ndipo hupata wateja. Waendesha bodaboda, wauza mitumba, walimu na vijana walioteremka kutoka Masama na Machame hukaa benchi moja wakisubiri zamu. Kinyozi akimfikia mtu, swali ni lile lile: "Mangi, nikuachie kidogo au nipige ziro?" Wengi hutaka ziro, kisha wembe upite juu yake mpaka shavu ling'ae. Halafu spiriti, halafu poda, halafu nyumbani.

Siku ya pili au ya tatu shingo huanza kuwasha. Chini ya taya vinatokea vipele vidogo vigumu, vingine vina ncha nyeupe ya usaha, vingine vimezungukwa na weusi usiokuwepo mwanzo. Mwenye navyo huvikwaruza kwa kucha, huvikamua, hupaka limau au dawa ya meno. Akiona havipungui, hurudi kwa kinyozi anyolewe tena, safari hii kwa kuzamisha zaidi, akidhani vipele vimebaki kwa sababu kazi haikwisha vizuri. Hapo ndipo anapokosea, na anakosea na wanaume wengi mno.

Vipele hivi havitokani na uchafu. Si chunusi za ujana zilizochelewa, wala si maradhi ya kuambukizwa na mwanamke, ingawa mtu husemwa hivyo mpaka akaona haya kukaa mbele za watu. Chanzo chake ni umbo la udevu wenyewe. Kwa watu wenye nywele za kipilipili, tundu ambamo udevu huota limepinda chini ya ngozi, na udevu hutoka ukiwa tayari umeelekea kujikunja. Ukiachwa urefuke, unajikunja hewani na hakuna tatizo. Ukikatwa karibu kabisa na ngozi, wembe huuacha na ncha ya mshazari, iliyochongoka kama mti wa uzio uliochongwa kwa panga. Udevu huo ukianza kukua hujipinda, ncha yake hugusa ngozi milimita moja au mbili kutoka ulipotokea, na huchoma kurudi ndani.

Iko njia ya pili, na hii huwapata hasa wanaonyoa huku wakivuta ngozi kwa vidole. Ngozi ikivutwa, udevu husogea juu kidogo, hukatwa, kisha ngozi ikiachiwa kipande kilichobaki huzama chini ya usawa wa ngozi. Kikianza kukua hakitoki nje hata siku moja. Hutoboa ukuta wa tundu lake na kuingia kwenye nyama ya pembeni. Nyembe za kisasa zenye makali mawili na zaidi, zilizoenea duniani baada ya Gillette kuleta ule wa makali mawili mwaka 1971, ziliundwa kwa hesabu hiyo hiyo: kali la kwanza linauvuta udevu, la pili linaukata kabla haujarudi. Shavu huwa laini sana. Kwa mwenye ndevu zilizonyooka huo ni uzuri mtupu. Kwa mwenye kipilipili unaweza kuwa mwanzo wa wiki mbili za maumivu.

Mwili hautambui kwamba kilichoingia ni mali yake. Huuchukulia udevu kuwa ni mwiba, hupeleka askari wake, na mahali hapo huvimba. Ndiyo maana usaha unaoonekana mara nyingi hauna vijidudu kabisa, na dawa za kuua vijidudu zinazomezwa kwa kukisia hazigusi kiini cha jambo. Vijidudu huja baadaye, pale kucha chafu zinapofungua njia.

Wataalamu wawili wa ngozi wa Marekani, John Strauss na Albert Kligman, walieleza tatizo hili kitaalamu mwaka 1956. Taarifa zilizokusanywa baadaye, nyingi zikitoka Marekani, zinataja kwamba kati ya asilimia 45 na 83 ya wanaume weusi wanaonyoa hupata vipele hivi. Mwaka 2004 watafiti walionyesha pia kwamba wapo waliozaliwa na badiliko dogo kwenye jeni moja inayohusika na kujenga utando unaouzunguka unywele ukiwa tunduni, na badiliko hilo huongeza uwezekano wa kupata vipele mara sita hivi. Kwa hiyo ndugu wawili wa kihamba kimoja wanaweza kunyolewa kwa mashine ile ile siku ile ile, mmoja akatoka salama na mwingine akavimba shingo nzima. Si lazima kinyozi awe na kosa.

Tiba yenye nguvu kuliko zote haiuzwi dukani: ni kuacha kunyoa. Ndevu hukua kama theluthi ya milimita kwa siku, hivyo huchukua takriban mwezi mmoja kufika sentimita moja, na zikifika hapo hujifyatua zenyewe kutoka kwenye ngozi. Wiki ya kwanza ni ngumu, kwa kuwa zile zilizokatwa karibuni bado zinachoma na mwasho huzidi. Wengi hukata tamaa hapo hapo, wakarudi kwenye wembe, na hesabu ikaanza upya. Anayevumilia huona vipele vikinywea katika wiki ya tatu na ya nne. Katika kipindi hicho kitambaa safi kilicholowekwa maji ya vuguvugu, kikibanwa juu ya vipele kwa dakika kumi mara mbili au tatu kwa siku, hulainisha ngozi na kusaidia ndevu kutoka.

Udevu ukionekana umejikunja chini ya ngozi, unaweza kuinuliwa taratibu kwa sindano iliyotakaswa, ncha yake itoke nje, basi. Usivutwe wala kung'olewa. Udevu uliong'olewa hurudi ukiwa mdogo na umechongoka, nao huweza kutoboa ukuta wa tundu kabla haujafika juu.

Mwezi mzima bila kunyoa ni mrefu kwa mtu wa ofisini, lakini watu wa Kilimanjaro wana nafasi ambayo wengi hawaifikirii. Kila Desemba wanaume wanaofanya kazi Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na kwingineko hupanda nyumbani kwa Krismasi. Likizo hiyo, ikiongezwa siku chache kabla yake, inatosha kuipumzisha shingo iliyoteswa mwaka mzima. Badala yake wengi hunyolewa mara nyingi zaidi mwezi huo kuliko mwingine wowote, kwa sababu kuna ubatizo, kipaimara, harusi na picha za ukoo. Bwana harusi ndiye anayeumia zaidi: hunyolewa wembe asubuhi ya sherehe au jana yake, na vipele vinamkuta fungateni. Angetaka uso uliotulia, angepitishiwa mashine tu, siku moja au mbili kabla, akauacha wembe kabisa.

Mashine, kwa kweli, ndiyo rafiki wa mwenye kipilipili, mradi isizamishwe. Udevu ukibakizwa milimita moja juu ya ngozi hauna namna ya kuzama tunduni, na shavu bado litaonekana nadhifu kwa yeyote anayelitazama. Kwa lugha ya saluni: mteja aseme hataki ziro, mashine ivalishwe kichanuo chake kifupi, isipandishwe dhidi ya uelekeo wa ndevu, na asirudiwe mara tatu sehemu moja. Shingoni kuna kazi ya ziada, kwani ndevu za hapo hulala, na hazielekei upande mmoja. Za kushoto zinaweza kuteremka na za kulia zikaenda pembeni. Kinyozi mzuri huzipapasa kwanza kwa vidole ndipo aamue mashine ipite wapi.

Na usafi? Una mahali pake. Haujengi wala haubomoi mpindo wa udevu, lakini vipele vikikatwa damu hutoka, na damu kwenye mashine ni hatari yenye jina. Kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi. Kupangusa mashine kwa pamba yenye tone la spiriti huku mteja mwingine ameshakaa hakutoshi. Nywele ziondolewe kwa brashi, kisha meno ya mashine yalowane spiriti na yapewe muda wa kukauka. Mwenye vipele vinavyotoa damu afadhali anunue mashine yake ndogo, aende nayo saluni au ajinyoe mwenyewe. Kuhusu wembe wa kuchangia, hakuna la kujadili.

Wapo ambao lazima wanyoe kwa wembe, kwa kazi au kwa kupenda. Hao wanyoe baada ya kuoga, ndevu zikiwa zimelowa maji ya moto kwa dakika kadhaa, kwa kuwa udevu uliolowa hulainika na kukatika bila kuacha ncha kali. Wapake krimu au povu la kunyolea, si sabuni ya kufulia. Wembe uwe mpya, upitishwe kufuata ndevu zinakolala, mara moja, bila kuvuta ngozi. Baadaye maji baridi, na mafuta yasiyo na manukato. Spiriti inayomwagwa usoni mpaka mtu akatoa machozi haizuii hata udevu mmoja kurudi ndani. Inachofanya ni kuunguza ngozi iliyokwisha kukwaruzwa.

Poda ya kuondolea ndevu husaidia baadhi ya watu. Dawa zilizomo, zile zinazonuka mayai viza, huyeyusha vifungo vya udevu badala ya kuukata, na ncha inayobaki huwa butu. Ila dawa ile ile ikikaa dakika za ziada huyeyusha na ngozi. Ijaribiwe kwanza mkononi, isubiriwe siku moja au mbili, na muda ulioandikwa kwenye pakiti ufuatwe kwa saa.

Hatari kubwa kuliko poda imo kwenye zile tyubu ndogo za bei nafuu zenye mchanganyiko wa dawa tatu: ya fangasi, ya bakteria na ya steroidi kali. Mtu akieleza vipele dukani, mara nyingi hiyo ndiyo anayopewa. Siku tatu za mwanzo uvimbe hushuka na mtumiaji hufurahi. Akiendelea miezi, ngozi hukonda, hupauka kwa mabaka, huota vipele vipya visivyohusiana na ndevu, na kila akiacha tatizo hurudi kwa hasira. Madhara yake ni yale yale ya mkorogo, tofauti ni kwamba huyu hakutafuta weupe. Steroidi hafifu, haidrokotisoni ya asilimia 1, inaweza kutumika kwa siku chache tu kutuliza uvimbe. Dawa ambazo madaktari huziandika kwa muda mrefu ni nyingine: benzoili peroksaidi, wakati mwingine pamoja na klindamaisini, au tretinoini ya kupaka usiku. Ya kwanza huondoa rangi kwenye nguo na mashuka, hivyo fulana nyeupe ndiyo ya kulalia.

Wakazi wa Kwa Sadala wana bahati ya jirani. Mjini Moshi, ndani ya eneo la Hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971, kipo Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, kilichoanzishwa mwaka 1992 na kuongozwa mwanzoni na Profesa Henning Grossmann. Maofisa tabibu kutoka nchi nyingi za Afrika wamesomea hapo tiba ya ngozi na kurudi kuhudumia kwao, na hapo hapo ndipo ilipoanza kutengenezwa losheni ya Kilisun inayowakinga watu wenye ualbino dhidi ya jua. Mtu anayeteseka na shingo yake miaka mitano, akinunua tyubu moja baada ya nyingine, anakaa umbali wa nauli ya haisi kutoka mahali ambapo wataalamu wa nchi kadhaa hufundishwa kazi hiyo.

Asichelewe hasa akiona kovu linaloendelea kukua hata baada ya kipele kupona, au vinundu vigumu vinavyoungana kisogoni. Hizo ni dalili za keloidi au ugonjwa wake wa karibu, na zikidakwa mapema sindano ya dawa kwenye kovu huweza kuzizuia. Zikiachwa, hata kisu cha upasuaji hakina uhakika. Wanawake wanaoota ndevu na kuzinyoa kwa siri hupata vipele hivi hivi, na kwao kuna sababu ya ziada ya kumwona daktari: ndevu hizo huweza kuashiria mabadiliko ya homoni yanayotibika.

Kwa mwenye uwezo ipo leza inayochoma mizizi ya ndevu. Kwa ngozi nyeusi inayofaa ni ile ya mawimbi ya nanomita 1064, ambayo hupenya chini bila kuunguza rangi ya juu. Ipo pia krimu ya eflonithini ya kupunguza kasi ya ndevu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2000. Dawa hiyo imeokoa maisha mengi karibu na hapa kwa kazi tofauti kabisa, ikidungwa kwenye mshipa wa wagonjwa wa malale huko Kongo na Uganda. Kampuni iliyokuwa ikiitengeneza iliacha katika miaka ya 1990 kwa kuwa wagonjwa wa malale hawakuwa na fedha. Uzalishaji wa sindano ulirudi mwaka 2001 kwa makubaliano na Shirika la Afya Duniani, wakati ile ya kupaka usoni imekwisha kuingia madukani. Mpangilio huo wa vipaumbele unauma kuuandika.

Linabaki suala la kazi. Askari, walinzi na wahudumu wa hoteli hutakiwa kuwa na kidevu safi kila siku, na kwa mwenye vipele amri hiyo ni kidonda kila asubuhi. Marekani, mwaka 1993, mahakama ya rufaa ilikubaliana na hoja kwamba kampuni ya pizza iliyokataza ndevu kabisa iliwaumiza wanaume weusi kuliko wengine, kwa sababu ya maradhi haya haya. Jeshi la nchi hiyo limekuwa likitoa ruhusa ya daktari kwa miongo mingi, ingawa mwaka 2025 lilibana masharti. Mlinzi wa getini Moshi hahitaji kufika mahakamani. Barua ya daktari inayosema anyoe kwa mashine na kubakiza milimita moja ni jambo ambalo msimamizi mwenye busara anaweza kulikubali, na kwa umbali anaosimama mgeni anayesaini kitabu, milimita hiyo haionekani.